Mkwezi wa Mzee Nguzo

Mume wangu alifanya kazi ya nyaya za simu tangu ujana wake mpaka siku walipompa cheti, saa ya ukutani na mkono wa kwaheri. Kazini walimwita Nguzo. Wageni walidhani ni kwa sababu ya urefu wake, lakini mimi niliyeishi naye najua zaidi. Nguzo hubeba maneno ya watu wote, yenyewe haisemi hata moja.

Adui wao mkubwa kazini alikuwa mmea mmoja wa porini, wa hukuhuku kwetu, haukuletwa na meli wala ndege. Una majani mapana ya umbo la moyo, maua meupe yanayonukia jioni, na tabia ya kupanda chochote kilichosimama. Jina lake la kitabuni silijui mpaka leo. Mafundi waliuita Mkwezi. Waliacha nguzo tupu wakaenda likizo, wakirudi wanaikuta imevaa koti. Na namna ya kuuondoa ilikuwa moja tu. Huuvuti ukiwa hai, maana unavuta na waya. Unakata shina kimo cha goti. Unakata tena shubiri moja juu ya pale, unakitoa kipande cha katikati na kukitupa mbali, kwa sababu waliamini kwamba ncha mbili zikiachwa karibu Mkwezi hujiunga upya. Kisha unakwenda zako. Majani yakishakufa ndipo unarudi kuvuta. Haya nayajua kama ninavyojua kukaanga vitunguu, kwa kuwa ndiyo mazungumzo pekee aliyorudi nayo nyumbani.

Haya, sasa nieleze wewe mwenye akili. Mtu wa namna hii anastaafu, anakaa siku kadhaa akihesabu mbao za dari, halafu asubuhi moja anapanda basi, anarudi jioni na gunia. Ndani ya gunia kuna Mkwezi, mzima, na udongo wake umefungwa kwa kitambaa. Nilimwuliza ni wa nini. Akasema ni wa kupanda. Nikamwuliza apande wapi. Akasema hapo, ukutani.

Sina budi kuueleza huo ukuta. Nilipoolewa niliukuta. Uwanja wa wazazi wao uligawanywa katikati, sisi tukawa upande huu wenye vyumba vya mbele, na mdogo wake, ambaye ni seremala, akabaki upande ule wenye jiko la zamani la mama yao. Mama mwenyewe sikumkuta hai. Niliukuta ukuta na mnuno. Ndugu hawa walikuwa wameacha kusemeshana kabla sijaingia, na hakuna aliyeweza kunipa sababu yenye kichwa na miguu. Majirani walisema ni mpaka wa kiwanja. Shangazi yao alisema ni husuda. Nilipomwuliza mume wangu, aliniuliza kama chai iko tayari.

Mimi na shemeji tulisalimiana barabarani kwa heshima zote. Mkewe alipofariki nilikwenda kulia naye, nikakaa na wanawake mbele ya nyumba. Mume wangu alisimama nyuma kabisa ya watu, akaondoka bila kumpa mdogo wake mkono. Siku ile nilimchukia, na nilimwambia. Mtu amepanda nguzo kwenye mvua ili watu wa miji miwili wasikilizane, halafu yeye na ndugu yake wa tumbo moja, tofali moja katikati, hata pole hakuna. Wazee niliwaita mara kwa mara kuwapatanisha, wakanywa chai yangu wakaondoka. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi nilikuwa nimelima mpaka jembe limebaki mpini.

Mwaka ule aliostaafu, mtoto wa shemeji alikuja akawaambia majirani kwamba mvua za mwaka unaofuata zikiisha atamchukua baba yake, akaishi naye mbali huko, safari ya basi mpaka miguu ivimbe. Nilijua akiondoka vile, ndugu hawa wataonana tena msibani, na mmoja wao atakuwa amelala. Nilimwambia mume wangu tukiwa mezani. Aliweka kijiko chini, akasema amesikia. Siku chache baadaye ndipo akaenda porini na gunia lake. Nami, kwa akili zangu zote, sikuunganisha haya mawili.

Aliupanda chini ya ukuta, kando ya tundu la maji. Ni tundu tu la kupitishia maji ya mvua kutoka uani kwa shemeji kuja kwetu, pana kiasi cha kupitisha mkono. Alichimba shimo, akajaza majani yaliyooza na majivu ya jikoni kwangu. Akapigilia misumari ukutani, akafunga vijiti kwa vipande vya mpira wa baiskeli, akawa anauongoza kila asubuhi kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea. Siku moja nilitoka na beseni nikamkuta anausemesha. Huyu ambaye kwangu neno hutoka kwa kuvutwa na koleo.

"Panda bwana," alikuwa anauambia. "Tuna mwaka mmoja tu."

Nilirudi ndani na beseni langu, nikakaa kitandani. Nilijiuliza mwaka mmoja wa nini. Je, daktari kamwambia jambo akanificha? Nilipekua mifuko ya makoti yake nikitafuta dawa nisizozijua, nikapata pipi za kifua na misumari.

Basi mvua zikaja, na Mkwezi ukaonyesha ukoo wake. Ulipanda ukuta, ukashika kamba ya nguo, nikawa nabandua shuka zangu kwenye vikonyo. Ukaingia kwenye mfereji wa bati, maji yakafurika mpaka mlangoni. Ukafunika dirisha la jiko, nikapika mchana kwa taa. Yeye hakujali. Kila tawi lililoelekea kwetu kwenye jua aliligeuza, akapanda ngazi, akalilaza juu ya ukuta liangukie upande wa pili. Nilimwambia anamtupia mwenzake takataka na ugomvi utaanza upya. Alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Ile tabia ya kufungua mdomo na kuufunga ilinichosha kuliko kimya chenyewe.

Kisha likaja suala la maji. Jua lilikuwa kali, hata jani la mchicha lilikuwa limelala, lakini pale kwenye shina kila asubuhi udongo ulikuwa umelowa. Nilimwuliza kama anaamka alfajiri kumwagilia, na goti lake lile. Aliapa si yeye. Sikumwamini. Nilimpigia simu binti yetu, naye akauliza lile swali ambalo nilikuwa naliogopa, kama baba amechanganyikiwa. Nikasema sijui. Kweli sikujua. Ukiishi na mtu asiyesema, akichanganyikiwa utajuaje?

Siku ngazi ilipoteleza ndipo uvumilivu ulipokata kamba. Alining'inia kwenye ukuta kwa mikono miwili, nikamshika miguu, tukashuka wote tukakaa kwenye matope. Goti likavimba kama boga. Nilimwambia sitaki kuwa mjane wa majani. Akasema "Samahani, mama," na jicho lake bado liko juu ukutani. Siku iliyofuata alipokwenda kupimwa goti, nilichukua panga lake fupi la kazini, nikachuchumaa pale kwenye tundu la maji, nikakata. Nilikata kimo cha goti. Nikakata tena shubiri moja juu, nikakitoa kile kipande nikakitupa jalalani, kama alivyonifundisha. Nilitaka mume wangu abaki na shingo yake, basi.

Nilijiandaa kwa vita. Aliporudi alikwenda moja kwa moja ukutani, maana mtu wa kazi ile hahitaji kuonyeshwa. Alipiga goti bovu chini. Akaweka kiganja chake katika ile nafasi, kidole gumba chini na kidole cha mwisho juu, kikaenea barabara. Alikaa hivyo. Kisha akainuka, akanawa mikono, akaja kukaa mezani. Hakuuliza ni nani. Nilikuwa nimeshapanga maneno yangu yote, nikabaki nayo kooni. Na kuanzia siku ile ngazi aliilaza nyuma ya nyumba, chakula akawa anakidonoa tu, na akiongea na binti yetu kwenye simu anasema ndiyo na hapana.

Nilimhurumia, nikajiona mkatili, kisha nikakasirika kwa kujiona mkatili. Lakini jambo lililonitia wazimu lilikuwa jingine. Majani hayakufa. Nilingoja yanyauke, maana najua kukata, na nilikata sawasawa. Yalibaki kijani, yamenona, yanang'aa, na juu kabisa Mkwezi ukatoa maua. Shina limekatwa, pengo linaonekana, unaweza kupitisha kiatu, na juu yake mmea unaendelea na maisha kana kwamba hakuna aliyeuambia kitu. Nikawa natoka kuangalia kila nikipata nafasi. Mara kwa mara nilimkuta mume wangu naye amesimama hapohapo ameinua uso. Tukionana, yeye anajifanya anatafuta kuku na mimi najifanya naanika nguo. Kuku hatuna.

Mvua za mwaka uliofuata zikaja, zikaisha. Nikasikia shemeji ameuza mbao zake na mashine ya randa, na gari la mizigo linakuja kesho. Nilikaa na habari hiyo asubuhi nzima. Mchana nikajifunga khanga vizuri, nikatoka kwa mlango wa mbele, nikazunguka barabarani, nikagonga kwake. Nilikuwa na sababu mbili. Moja ya heshima, kumuaga. Ya pili, Mungu anisamehe, nilitaka kuona yale majani yanakula wapi.

Shemeji alinipokea mwenyewe. Ana uso wa mume wangu, ila wa kwake umezoea kucheka. Akaniambia nipite uani, sebuleni hakuna tena kiti. Nikapita, nikasimama nimeshikilia mlango.

Uani kwake, juu ya mlango wa jiko la zamani, kulikuwa na kichanja kipya cha mbao zilizopigwa randa, nguzo nne na fito juu, kazi safi ya mtu anayejua. Mkwezi ulikuwa umetoka juu ya ukuta ukajilaza juu ya kichanja chote, na chini yake kivuli kizito, cha baridi. Pembeni tawi moja lilikuwa limeinamishwa mpaka chini, likafukiwa na kuwekewa jiwe juu, na pale lilipofukiwa lilikuwa limeshaota mizizi na kunenepa kuliko shina letu. Nilielewa habari ya majani. Mengine yote sikuelewa.

"Shemeji," nilisema, "huu mmea umeupendea nini?"

Alishangaa kwamba sijui. Akanikalisha kwenye kigoda chini ya kivuli, akanieleza. Mama yao alikuwa na Mkwezi hapohapo, juu ya mlango huuhuu. Ndiko alikoweka kigoda chake, ndiko alikochambulia mboga, akipokea wageni, akisinzia. Ukaja waya wa simu, ukapita juu ya kona ya nyumba, Mkwezi ukaushika. Ofisi ikatoa amri usafishwe. Na aliyekuja kuukata, na kamba yake kiunoni, alikuwa kaka yake. Akakata mara mbili, shubiri katikati, akachukua kile kipande akakitupa, akaondoka bila neno. Mama alikiingiza kigoda ndani. Hakuziona mvua zilizofuata. Shemeji akamwambia kaka yake kwamba amemkatia mama kivuli, kaka akanyamaza, na yeye akaenda kununua matofali.

"Mwaka jana nikaona mikono yake juu ya ukuta," alisema. "Inanilazia Mkwezi. Nikajua anataka kusema kitu. Nikaupokea, nikaujengea, nikawa naumwagilia kwa lile tundu ili ufike upesi. Nilimngoja afike yeye. Sasa muda mrefu mikono siioni. Nadhani amechoka nami, shemeji. Kesho naondoka."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikaishia kupaliwa na mate. Sikumweleza kitu. Niliinuka nikamwambia asiende popote, angoje pale, nikatoka mbio na umri wangu huu, ndara moja nikaiacha barabarani.

Mume wangu alikuwa amekaa kitandani akifunga kiatu. Nilimsimamia mlangoni.

"Ule Mkwezi nilikata mimi," nilisema.

Kamba ya kiatu ilimponyoka. Akaniuliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, mbona palikuwa na mikato miwili. Nikamwambia alinifundisha mwenyewe, tena kila jioni.

"Nilidhani ni yeye," akasema. "Nilidhani ameingiza mkono kwenye tundu akanikatia kama nilivyomkatia mama. Nikasema hilo ndilo jibu lake, na ni haki yake."

Basi alikuwa amekaa siku zote zile akingoja majani yafe, ajue kwamba yamekwisha, na majani yakawa yanamkatalia, naye hajui ashike lipi. Nikamwambia yanakula upande wa pili, ndugu yake ameyapa mizizi, amejenga kichanja palepale pa mama na gari linakuja kesho. Sikumaliza. Alikuwa ameshatoka. Nilidhani atazunguka barabarani kama watu wazima. Alikwenda nyuma ya nyumba akarudi na ngazi. Nilimtukana, sifichi. Nilimtukana yeye, goti lake na ukoo wote wa mafundi wa simu, huku nimeishika ngazi kwa mikono miwili na tumbo.

Alifika juu, akaegemea ukuta. Kukawa kimya mpaka nikahisi mikono yangu inakufa ganzi. Nilidhani amefungua mdomo na kuufunga tena. Kisha nikamsikia.

"Umeufunga kwa nguvu mno pale kwenye fito," alisema. "Utaukaba."

Kutoka upande wa pili ikaja sauti ya shemeji, taratibu. "Kumbe unajua na kufunga. Mimi nilijua unajua kukata tu."

Ngazi ilitikisika. Nilidhani anashuka, kumbe ni mwili wake.

"Msimamizi alitaka kuufunga kwenye gari na kuuvuta," mume wangu alisema. "Ungemwangukia mama na paa lake. Nikaomba nikate mimi."

"Hukuniambia."

"Sikujua namna ya kuanza."

"Najua ilikuwa kazi, kaka. Nilitaka useme tu kwamba ilikuuma."

"Iliniuma," alisema. "Inaniuma mpaka leo."

Sikuona uso wa yeyote. Niliona soli za viatu vya mume wangu na kamba moja inayoning'inia. Nililia hapohapo nimekumbatia ngazi, na kamasi sikuwa na mkono wa kuzifuta. Wote wale wazee walioitwa kupatanisha, chai yote ile niliyowapikia, kumbe neno lenyewe lilikuwa hilo moja.

Shemeji aliondoka kesho yake vilevile, maana mtoto alikuwa ameshaandaa chumba na dereva ameshafunga mizigo. Nilikuwa na matumaini atashuka kwenye gari. Hakushuka. Ila mume wangu alizunguka barabarani safari hii, na mdogo wake akamwachia funguo za geti. Nilimwuliza baadaye kama amefurahi au amehuzunika. Akasema hajui. Na mimi sijui. Mpaka leo nikiliona lile panga najiuliza kama nilifanya ubaya au wema, na kila nikijibu najipinga mwenyewe.

Siku hizi kila asubuhi anakwenda kumwagilia kwa ndugu yake, na maji yanayobaki anayamimina kwenye tundu la ukuta, yanakuja kwetu, kwenye kile kisiki ambacho kimeshatoa machipukizi. Jioni simu inaita. Nguzo mzima anakaa uani akizungumza mpaka chaji inakwisha, anataja jani moja moja. Nilimwuliza shemeji anasemaje, akaniambia ananisalimu, na kwamba wameafikiana panga likae mahali nisipopafikia.

Jana nilimsikia akimwambia, "Kivuli kimefika pale mama alipokuwa akiweka kigoda." Baada ya hapo akanyamaza, na huko mbali naye akanyamaza, na hakuna aliyekata simu. Mimi nikaenda kuanua nguo kabla Mkwezi haujazichukua.